TUSIWAZIKE WAZAZI WETU KWENYE KITI



Ndugu zangu katika imani, wazazi, na nyinyi vijana mlioko masomoni. Shukrani zote anastahiki Allah (SWT), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (SAW), ahli zake na sahaba zake.

Leo sikuja na maneno ya kubembeleza. Nataka kuisema tabia moja iliyomo ndani ya nyumba zetu, tabia ambayo si tu kwamba hatuioni kuwa kosa, bali tunajisifu nayo mbele ya majirani.

Ukipita katika mitaa yetu ya Waswahili baada ya Alasiri, iwe Buyenzi hapa Bujumbura, Nyamirambo kule Kigali au Ujiji kule Tanzania, hukosi kumkuta barazani mzee kwenye kiti cha plastiki. Mkono unatetemeka juu ya paja, uso umekauka kama mtu asiye na habari ya dunia, na fimbo imeegemezwa ukutani mbali naye. Waulize watoto wake, watakwambia kwa fahari: "Mzee tumempumzisha. Hafanyi kitu tena. Hata glasi ya maji tunamshikia." Na majirani wanaitikia: "Mashaallah, mmepata radhi za mzazi."

Mimi nasema hapana. Kumkalisha kutwa nzima mzazi ambaye bado anaweza kusimama si radhi. Ni kumzika kabla ya siku yake, na kinachoanza kuzikwa si miguu peke yake, ni akili.

Wala sisemi haya kwa kumnyooshea mtu kidole, kwani mimi nilikuwa wa mbele katika kosa hili. Marehemu baba yangu alikuwa fundi wa kushona. Alipopatikana na ugonjwa wa Parkinson, mimi ndiye niliyemnunulia kiti chenye mto. Mimi ndiye niliyemkataza kwenda sokoni kwa kuogopa asianguke. Na mimi ndiye niliyeiondoa cherehani yake na kuiuza, nikisema asije akajichoma sindano. Hakunigombeza. Aliuliza tu: "Sasa nitakuwa nafanya nini?" Nikamjibu: "Pumzika baba, umefanya kazi ya kutosha." Haikupita miaka miwili, mtu aliyekuwa anakata kanzu kwa kukutazama tu mwili mara moja, akawa hawezi kupanga kipi kinatangulia kati ya kuvaa shati na kufunga vifungo. Siwezi kusema ni kiti peke yake kilichofanya hayo. Ugonjwa wenyewe una mkono wake. Lakini kile kiti nilikileta mimi.

UGONJWA HUU NI NINI?

Mwaka 1817 daktari mmoja wa London aitwaye James Parkinson aliandika kitabu kidogo kuhusu watu aliowaona wakitetemeka na kutembea wameinama. Ndipo ugonjwa ukapewa jina lake. Leo tunajua kuwa ndani ya ubongo kuna seli zinazotengeneza kemikali iitwayo dopamini, ambayo husaidia mwili kuanzisha na kuratibu mwendo. Seli hizo zinapokufa kidogo kidogo, mkono hutetemeka, viungo hukakamaa, mwendo huwa mzito na hatua huwa fupi fupi. Wengine hawatetemeki kabisa, ila huwa wazito tu. Na kabla ya hayo yote mtu anaweza kupotewa na harufu, kufunga choo, au kupigapiga mikono na miguu usingizini.

Usidhani ni jambo la watu wachache. Shirika la Afya Duniani (WHO) lilikadiria kuwa mwaka 2019 watu zaidi ya milioni 8.5 duniani walikuwa na ugonjwa huu, na kwamba idadi hiyo imeongezeka maradufu katika muda wa miaka 25. Huku kwetu wengi hata hawahesabiwi. Watafiti walipopita nyumba kwa nyumba katika wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, Tanzania, na kutoa matokeo yao mwaka 2008, waliona kuwa zaidi ya robo tatu ya wagonjwa waliowakuta hawakuwa wamewahi kuambiwa wanaumwa nini. Walikuwa wamekaa tu majumbani, na watu wanasema "ni uzee".

Wala si ugonjwa wa wazee peke yao. Ndugu yetu Muhammad Ali, bingwa wa ngumi aliyepigana Kinshasa mwaka 1974, aligunduliwa mwaka 1984 akiwa na miaka 42 tu.

AKILI NAYO INAGUSWA

Hapa ndipo wengi wetu tunapokosea. Tunadhani Parkinson ni ugonjwa wa mikono na miguu. La. Unagusa pia fikra. Mara nyingi hauanzi kwa kusahau majina ya watoto. Unaanza kwa fikra kuwa nzito: mtu anachelewa kujibu, anashindwa kupanga mambo mawili matatu kwa pamoja, anashindwa kutembea huku akizungumza. Kwa baadhi ya wagonjwa, miaka ikienda, hali hiyo hufikia kupotewa na akili. Katika utafiti uliofanyika Sydney, Australia, na kuchapishwa mwaka 2008, kati ya wagonjwa waliokuwa bado hai baada ya miaka 20, asilimia 83 walikuwa wamefikia hali hiyo. Tafiti mpya zilizochapishwa mwaka 2024 zimetoa makadirio ya chini zaidi, kwa hiyo tusikate tamaa wala tusimhukumu kila mgonjwa. Lakini hatari ipo, na anayejua hatari hakai kimya.

Tena kuna dhulma nyingine ndogo ndogo. Ugonjwa huu hukausha misuli ya uso na kuipunguza sauti. Mzee anakuwa hacheki, habadiliki uso, na akisema husikii. Basi sisi tunasema: "Huyu akili imeshaondoka." Tunaanza kuzungumza juu yake mbele yake kana kwamba hayupo. Hatumuulizi tena kuhusu posa ya binti, shamba wala deni. Kumbe anasikia kila neno! Alichopoteza ni uso wa kutuonyesha kuwa anasikia. Tukishamnyima mazungumzo na kazi, ndipo akili inapokosa pa kushikia.

WATAALAMU WAMEONA NINI JUU YA KUKAA?

Mwaka 2011 watafiti wa Uholanzi walionyesha kuwa wagonjwa wa Parkinson walikuwa na mwendo na shughuli pungufu kwa karibu theluthi moja wakilinganishwa na watu wa rika lao wasiougua. Yaani ugonjwa wenyewe tayari unamvuta mtu kukaa. Sisi tunakuja na kiti na mto kuusaidia ugonjwa!

Mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha Kyoto, Japani, walitoa matokeo ya kuwafuatilia wagonjwa 237 waliokuwa mwanzoni mwa ugonjwa, kwa muda uliofika miaka sita. Waliodumu na shughuli za mwili walionekana kudhoofika polepole zaidi katika kutembea, katika kujitegemea, na hata katika wepesi wa kufikiri. Nawaomba mzingatie: hawakuwa wanapima michezo ya uwanjani peke yake. Walihesabu pia kazi za nyumbani na kazi za kujipatia riziki, na hizi za riziki ndizo zilizohusiana zaidi na wepesi wa kufikiri. Kazi! Ndizo hizo hizo tunazowapokonya wazee wetu mikononi kwa jina la heshima.

Najua mwanafunzi mwerevu atanyanyua mkono: "Lakini ustadh, huenda waliokuwa wamedhoofika akili ndio waliokaa, si kwamba kukaa ndiko kulikowadhoofisha." Swali zuri, na ni kweli kuwa utafiti wa kufuatilia watu peke yake hauwezi kulimaliza. Ndiyo maana yatazame majaribio. Uholanzi, mwaka 2019, yalitoka matokeo ya jaribio la wagonjwa 130. Kundi moja liliendesha baiskeli isiyosogea, nyumbani kwao, dakika 30 hadi 45, mara tatu kwa wiki, kwa miezi sita. Kundi jingine lilinyoosha viungo tu. Walioendesha baiskeli, dalili zao za mwendo hazikuzidi kama za wenzao. Kisha sehemu ya wagonjwa hao walipigwa picha za ubongo kabla na baada, na matokeo yalipochapishwa mwaka 2022 yalionyesha kuwa kusinyaa kwa ubongo kulikuwa kudogo kwa wale wa baiskeli, na uwezo wao wa kuitawala fikra uliongezeka.

Je, hii ni tiba ya kuponya? Hapana. Tusidanganyane. Hakuna mpaka leo dawa wala zoezi lililothibitika kuuondoa ugonjwa huu. Lakini kati ya kuponya na kuangamiza kuna njia ndefu, na mwanadamu anaishi katikati ya njia hiyo. Siku moja zaidi ya mzee kumtambua mjukuu wake si kitu kidogo.

MAJIBU KWA WANAOPINGA

Wapo watakaosema: "Heshima ya mzazi ni kumpumzisha." Nami nawauliza: heshima hiyo mmeitoa wapi? Katika Suratul-Israa, aya ya 23 na 24, Allah (SWT) ametuamrisha kuwafanyia wema wazazi wanapofikia uzee, tusiwaonyeshe hata dalili ya kuchoka nao, na tuwaambie maneno ya heshima. Hakuna pahala tulipoambiwa tuwapokonye kazi zao, maamuzi yao na miguu yao. Tena tuwe wakweli, ndugu zangu. Mara ngapi tunasema "kaa baba" kwa sababu yeye akitembea sisi tunacheleweshwa? Kumfunga vifungo ni dakika moja. Kumsubiri afunge mwenyewe ni dakika kumi. Hiyo tunayoiita huruma, nusu yake ni haraka zetu.

Wengine watasema: "Ataanguka." Ni kweli, kuanguka ni hatari kubwa kwa wagonjwa hawa, na mwenye kulidharau hilo ni mjinga. Lakini mtu asiyetembea misuli humwisha na mizani ya mwili humpotea, na siku atakapolazimika kusimama aende msalani ndiyo siku atakayoanguka vibaya. Dawa ya kuanguka ni mtu wa kutembea naye, taa usiku, na kuondoa mikeka inayokunjamana njiani. Kiti hakimo.

Wengine watasema: "Yeye mwenyewe hataki." Hapo msimwite mvivu. Ugonjwa huu humwondolea mtu hamu ya mambo, na wengi hupata na huzuni ya moyo. Ndiyo maana hawezi kuachiwa aamue peke yake kutoka kwenye kiti. Anahitaji mtu wa kumwambia: "Baba, twende pamoja."

Na wapo watakaosema: "Huyu ana jini," au "karogwa". Kule Uganda baadhi ya Waganda huuita obuko, wakidai mtu hutetemeka kwa kuvunja miiko ya wakwe, mpaka ikabidi wanaopigania haki za wagonjwa waanzishe chama na kukiita Parkinson's Si Buko. Fikiria mama anayetetemeka, kisha watu wanamnong'onea kuwa kavunja heshima ya mkwewe! Atatokaje nje? Atakaa ndani, afe moyo kwanza. Ndugu Waislamu, kumsomea mgonjwa Qur'ani ni jambo jema, na dua ni silaha ya muumini. Lakini Mtume wetu (SAW) alituhimiza kutafuta tiba, na tiba ya kupunguza dalili ipo. Dawa ya levodopa imetumika tangu miaka ya 1960 na imo katika orodha ya WHO ya dawa muhimu. Anayemzuia mgonjwa asifike hospitali kwa kisingizio cha jini, atajibu nini mbele ya Mola wake?

SWALA NA KITI

Nitaligusa na hili, ijapokuwa najua litawaudhi baadhi. Siku hizi mzee akianza tu kutetemeka, familia inambebea kiti msikitini. Kwa madhehebu ya Imam Shafii, ambayo wengi wetu tunaifuata, kusimama ni nguzo katika Swala ya faradhi kwa anayeweza. Sahaba Imran bin Husayn (RA) alipokuwa anaumwa bawasiri, Mtume (SAW) alimpa utaratibu wenye daraja: kusimama kwanza, kisha kukaa kwa asiyeweza, kisha kulala ubavu. Ruhusa ni rehma, na asiyeweza asilazimishwe. Lakini ruhusa ni ya anayeihitaji, si ya mwanawe mwenye haraka. Muulizeni daktari juu ya mwili wake, na muulizeni sheikh juu ya hukumu yake, kisha mwacheni asimame katika kile anachokiweza, awe karibu na nguzo au na mtu wa kumshika.

Angalieni neema iliyomo. Rakaa za faradhi ni 17 kwa siku: rukuu 17 na sijda 34. Na kwenda msikitini kwa miguu, na kurudi. Sisemi Swala ni mazoezi. Swala ni ibada, na nia yake ni Allah peke yake. Nasema tu kuwa mzee aliyeambiwa "swali hapo hapo ulipokaa" bila ya haja amenyimwa ibada yake kamili, amenyimwa hatua zake, amenyimwa na salamu za watu.

TUFANYE NINI?

Kwanza, mpelekeni kwa daktari, na msiache wala kubadilisha dawa bila yeye. Kuikata dawa ghafla ni hatari. Ikiwezekana apate mtaalamu wa viungo, yule ambaye huku kwetu na Kongo tunamwita kine.

Pili, chagueni saa ambayo dawa imeshika ndiyo iwe saa ya kutembea. Mwongozo wa WHO wa mwaka 2020 unawashauri watu wazima, wakiwemo wenye maradhi ya kudumu, wapate dakika 150 hadi 300 za shughuli za wastani kwa wiki, wapunguze kukaa, na wenye umri mkubwa wafanye na mazoezi ya mizani ya mwili siku tatu au zaidi kwa wiki. Dakika 150 ni nusu saa kwa siku tano. Asiyeweza nusu saa aanze na dakika tano. Kidogo ni bora kuliko hakuna.

Tatu, mkatishieni kukaa. Kila baada ya muda ainuke, polepole, kwani wengine hushikwa na kizunguzungu wakisimama ghafla. Miguu ikigandama chini asivutwe mkono. Asimame kwanza, kisha hesabuni pamoja kwa sauti, moja, mbili, tatu, au alete dhikri kwa mpigo wa hatua. Mpigo wa sauti na mistari sakafuni huwasaidia wengi kuanza hatua. Na akiwa kwenye ngazi au anavuka barabara, msimsemeshe.

Nne, mrudishieni kazi. Mama achambue maharage na mchele, anyweshe mboga maji, akunje nguo. Baba aende dukani na mjukuu, ashike hesabu ya nyumba, asomeshe watoto Juzuu Amma. Akikosea, subirini. Akimwaga, futeni, na mumpe tena kesho.

Tano, nyinyi wanafunzi. Kila mtaa una mzee wa namna hii. Chagueni mmoja, wawili wenu, baada ya Alasiri, mumtembeze nusu saa, mumuulize habari za zamani na msubiri jibu hata likichelewa. Zoezi la miguu yake litakuwa zoezi la akili yake, na la subira yenu.

Na tusiwafiche. Mwaka 1996 kule Atlanta, Marekani, Muhammad Ali alisimama mbele ya dunia nzima akawasha mwenge wa Olimpiki huku mkono ukimtetemeka. Mwaka 2002 akasafiri mpaka Kabul kama mjumbe wa amani wa Umoja wa Mataifa. Hakupona, alifariki mwaka 2016, Allah amrehemu. Lakini alisimama mbele ya watu, na hakuna aliyethubutu kusema kuwa si mtu tena.

Baba yangu hakuomba mengi. Aliomba kujua atakuwa anafanya nini, nami nikampa kiti. Wewe ambaye mzazi wako bado yu hai, usimpe jibu nililompa mimi. Nenda sasa hivi barazani, mpe fimbo yake, mpe mkono wako, na umwambie: "Inuka baba, nina kazi nataka unisaidie."

Ewe Mola wetu, waponye wagonjwa wetu, wahifadhie wazazi wetu akili zao na viungo vyao, warehemu waliotangulia, na utusamehe tuliyowafanyia kwa kutojua. Amin.

Wabillahi Tawfiq.
Wassalaam Alaykum Warahmatullahi Wabarakaatuh.